Kifyatuzi cha upinde: niliyojifunza kuhusu kukichagua kwa ajili ya mawindo

Mwindaji akikuonyesha upinde wake, atakutajia uzito wake wa kuvuta, kasi ya mshale, na jinsi pini za shabaha, vile vijiti vidogo vya kulengea, zinavyong'aa jioni ikiingia. Mwombe akuonyeshe na kifyatuzi, kile kidude kinachoshika upote na kuuachia. Kwangu mimi hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Nimewinda kwa upinde wa kapi misimu mingi, nimetumia kila aina ya kifyatuzi inayojulikana, na ninaamini kwamba kati ya vyote mwindaji anavyovichagua, hiki ndicho kinachoamua zaidi mshale utatua wapi. Ndicho kitu cha mwisho kugusa upote kabla mshale haujaondoka. Hata hivyo wengi hukinunua mwishoni kabisa, baada ya pesa na uangalifu wote kuishia kwenye upinde.

Kwa nini tusivute kwa vidole tu? Upinde wa kapi, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen alipata hataza yake mwaka 1969, una kapi nchani ambazo hubeba sehemu kubwa ya uzito ukishavuta hadi mwisho. Upinde wa ratili 60, yaani kama kilo 27, ambao kapi zake zinabeba asilimia 80, unabaki na ratili 12 tu mkononi wakati unalenga. Hilo ni raha. Lakini pinde za mawindo za siku hizi ni fupi, nyingi zina inchi 28 hadi 34 kutoka ekseli ya kapi moja hadi ya nyingine, na upinde mfupi ukivutwa, upote hukunjika kwa pembe kali kiasi cha kuvibana vidole. Juu ya hilo, vidole vinapoachia, upote huviringika kwenye ncha zake na kusukumwa kidogo pembeni, kwa hiyo mshale huanza safari ukipinda huku na huku. Kifyatuzi hushika upote mahali pamoja na kuuachia mara moja, nao hurudi karibu na mstari ulionyooka.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko kapi. Wapiga upinde wa Mongolia, Uturuki, China na Korea walivaa pete ya kidole gumba ili kubeba upote na kuuachia kwa usafi. Katika kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme na kiongozi wa jeshi wa enzi ya Shang, lililofukuliwa Anyang mwaka 1976, ilipatikana pete ya namna hiyo iliyochongwa kwa jiwe la jedi, na kaburi hilo lina zaidi ya miaka 3,000. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia watu wakisema kifyatuzi ni njia ya mkato ya wavivu. Mwanadamu amekuwa akitafuta njia safi ya kuachia upote tangu zamani mno.

Leo kifyatuzi hakishiki upote wenyewe. Hushika kitanzi, kamba fupi ngumu iliyofungwa kwenye upote juu na chini ya mahali mkia wa mshale unapokaa. Kitanzi huulinda upote usiliwe na chuma, na huvuta mshale kutoka nyuma yake kabisa, bila kuukandamiza juu wala chini.

Aina ya kwanza ambayo karibu kila mwindaji huianza ni ile ya mkanda unaofungwa kwenye kifundo cha mkono, yenye triga ya kidole cha shahada. Ina sifa za kweli. Haipotei, kwa kuwa imefungwa mwilini. Uzito wa upinde hubebwa na kifundo na mkono mzima, hivyo hata mtu asiye na nguvu nyingi za vidole huvuta vizuri. Kidole cha shahada tayari kinajua kazi ya kuvuta triga. Ukipanda mti au kutambaa majanini, unakigeuza nyuma ya kiganja na mikono yote miwili inabaki huru. Nikimfundisha mtu mpya, bado ninaanza naye hapa.

Lakini kuna mambo ambayo dukani hakuna anayekuambia, na ndiyo yanayotofautisha kifyatuzi cha mkanda kizuri na kibaya. Kwanza ni urefu kati ya mkanda na triga. Wengi hukiacha kirefu, kidole kinafikia triga kwa ncha tu, na ncha ya kidole ni nyepesi sana kuchokoza. Kifupishe mpaka triga ikae kwenye kiungo cha pili cha kidole. Kidole kikiizunguka triga kama ndoano, kinakuwa sehemu ya mkono, na unaweza kukaza mgongo mpaka triga iachie yenyewe. Pili ni mkanda wenyewe. Mkanda wa bizimu wenye matundu hufungwa mahali palepale kila asubuhi. Ule wa kunata hubadilika kwa nusu sentimita leo na nusu nyingine kesho, na ukiufungua karibu na mnyama, ule mkwaruzo wake husikika mbali. Tatu, jaribu ukiwa na nguo utakazowinda nazo. Koti nene la baridi huusogeza mkanda, na mkono wako unatua shavuni mahali pengine tofauti na pale ulipozoea ukiwa na shati jepesi.

Tatizo kubwa la triga ya kidole cha shahada liko kichwani zaidi kuliko kwenye chuma. Pini ya shabaha inapoelea juu ya mahali unapotaka kupiga, akili hupiga kelele: sasa! Na kidole kinachapa. Mshale unaondoka katika mtikisiko wa mkono. Likizoea, linakuwa hofu ya shabaha. Mtu anashindwa hata kuishusha pini mahali anapolenga, inaganda pembeni. Au anachapa triga kabla hajafika. Nililiona kwa karibu kwa rafiki niliyekuwa nikiwinda naye, mtu mwenye mikono imara na macho makali, ambaye katika msimu mmoja alianza kukosa shabaha za karibu kabisa. Alibadilisha mishale, akabadilisha pini, akafikiria hata kuuza upinde.

Aliyemtoa humo ni mzee mmoja aliyewinda na baba zetu. Alitutazama tukipiga, hakusema kitu kwa muda mrefu, kisha akamwambia rafiki yangu afumbe macho, akasogea naye hadi hatua chache tu mbele ya boksi la kulengea. "Mwanangu, wewe usifyatue," alimwambia. "Wewe kaza mgongo tu. Kufyatuka ni kazi ya hicho chuma." Akampa kifyatuzi cha kuzunguka, cha kushikwa kiganjani, kisicho na triga yoyote.

Kifyatuzi hicho kinaachia kinapozungushwa. Ndani yake kuna kipande chenye umbo la nusu mwezi. Unapokaza misuli ya mgongo na kuuvuta mfupa wa bega kuelekea uti wa mgongo, mpini unageuka kidogo kidogo mkononi, hadi ukingo wa kile kipande unafika mwisho na ndoano inajiachia. Huwezi kukichapa kirahisi, kwa kuwa hakuna cha kuchapa. Vingine hutoa mlio mdogo kukujulisha kuwa umekaribia. Mpiga upinde hushtuka mshale unapoondoka, na mshtuko huo ndio dawa yenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kujikunyata mbele ya jambo usilojua litatokea lini. Rafiki yangu alikaa na kifyatuzi hicho, macho yamefumbwa, boksi karibu, kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Akapona. Nami nilikuwa nimesimama pembeni, na somo lile lilinigeuza mimi kama lilivyomgeuza yeye.

Onyo kwa atakayekijaribu: kifyatuzi cha kuzunguka ni hatari mikononi mwa asiyekijua. Ukikigeuza vibaya ukiwa katikati ya kuvuta, kitaachia, na mkono wako utarudi kwa nguvu yote hadi mdomoni. Usianze nacho kwenye upinde. Chukua kamba, ipime urefu wa mvuto wako, ifunge iwe duara, shika upande mmoja kama unavyoshika upinde na upande mwingine kwa kifyatuzi, ujizoeze kuvuta na kuachia hadi kiganja kielewe. Baadaye nenda kwenye upinde ulioshushwa uzito.

Je, nakipeleka porini? Hapana. Wapo wawindaji ninaowaheshimu wanaowinda nacho na kuua kwa usafi, sitabishana nao. Ila mnyama si boksi. Paa anatoka kwenye kivuli, anasimama kwa kupumua mara mbili, bega la mbele limesonga mbele na kuacha nafasi ya mapafu wazi, halafu anapiga hatua. Nafasi ile ni fupi, na ninataka niweze kusema ndiyo au hapana ndani yake. Kifyatuzi kinachoachia wakati wake mwenyewe kinaweza kuachia mnyama akiwa ameanza kugeuka. Hapo tunazungumzia mnyama kujeruhiwa na kwenda kufia mbali, na kwangu hilo ni jambo zito kuliko raha yoyote ya kupiga vizuri.

Kuna ndugu yake, kifyatuzi cha mkazo, ambacho hakizunguki wala hakina triga. Kina kitufe cha usalama unachokibana kwa kidole gumba wakati wa kuvuta. Ukishafika mwisho na kutulia, unakiachia kitufe, na kuanzia hapo kifyatuzi kinasubiri mvuto uongezeke kupita kiasi ulichokiweka. Tuseme upinde wako unabaki na ratili 12 mkononi. Unakipanga kiachie kwenye 15 hivi, kwa hiyo zile ratili tatu za mwisho lazima zitoke mgongoni mwako. Hiki ndicho ninachofanyia mazoezi hadi leo. Kinahitaji upinde ambao mwisho wa mvuto wake ni mgumu, unaogota. Kwenye upinde wenye mwisho laini, mkazo hauongezeki kwa usafi. Na ukibadilisha uzito wa upinde, lazima ukipange upya, la sivyo kitakuachia mara tu unapotoa kidole.

Nilikoishia kwa mawindo ni kifyatuzi cha mkononi chenye kitufe cha kidole gumba. Nakupa sababu zangu kwa urefu, maana hapa ndipo wengi huniuliza.

Kinashikwa na vidole vitatu au vinne, na kiganja kikikizoea, mkono hutulia kwenye taya kwa uthabiti: mfupa wa taya unaingia katikati ya vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kiganja kimegeuka kidogo, na kila mara unajua kwa mguso kama umefika au hujafika. Kifyatuzi cha mkanda hakinipi uhakika huo. Kidole gumba si chepesi kuchapa kama cha shahada, hasa ukikiweka kitufe kwenye shina la kidole, pale kinapoanzia, na si kwenye ncha. Nikishakizungusha kidole gumba juu ya kitufe na kukaza mgongo, mshale unaondoka kwa mtindo uleule niliojifunza kwenye kifyatuzi cha mkazo. Na bado, mnyama akigeuka, natoa kidole, nashusha upinde, hakuna kilichotokea. Nguvu mbili katika kifaa kimoja: kuachia kwa mgongo, na uwezo wa kukataa.

Ubaya wake ni kwamba kinaweza kuanguka. Ukiwa juu ya mti na kifyatuzi kikaanguka chini, siku imekwisha, au utashuka na kufukuza kila kitu kilichokuwa kinakaribia. Kwa hiyo mimi huchagua chenye taya, yaani sehemu inayoshika kitanzi, zinazofunga kabisa kukizunguka, ili nikiwa nimekaa nimsubiri mnyama kifyatuzi kining'inie kwenye kitanzi chenyewe, tayari. Vingine vina kamba ya kufungwa kifundoni. Ubaya wa pili ni vidole: usipokuwa na nguvu ya kutosha, kuvuta upinde mzito kwa vidole badala ya kifundo kutakuchosha. Jibu ni kushusha uzito wa upinde kidogo. Upinde unaoweza kuuvuta polepole, bila kuuinua mbinguni, ukiwa umekaa na mwili umepoa, ndio upinde wako.

Kuhusu ukubwa wa mpini, usiamini maandishi ya wadogo, wa kati na wakubwa. Ushike. Vidole vikaze bila kuacha uwazi, na kidole cha mwisho kisibebe kazi kuliko vingine. Kwa wanaowinda kwenye baridi, ushike ukiwa umevaa glavu. Nimeona kifyatuzi kizuri kikawa hakina maana kwa sababu mwenyewe alikinunua kwa mkono mtupu wakati wa joto, na glavu ilipoingia kitufe kikawa kinaguswa kabla ya wakati.

Taya nazo zina maana yake. Kuna za ndoano wazi, ambayo unaitia kwenye kitanzi kwa mguso bila kuangalia, macho yako yakibaki kwa mnyama. Nzuri sana kwenye vifyatuzi vya mkanda. Kuna taya moja inayofunga, na kuna mbili zinazokutana. Chochote utakachochagua, pitisha ukucha kwenye kingo zake. Kingo kali hula kitanzi, na kitanzi kilicholika kikikatika ukiwa umevuta hadi mwisho, ni sawa na kupiga bila udhibiti wowote. Kitazame kila unapotoka. Nyuzi zikianza kuchomoza, badilisha siku hiyohiyo.

Uzito wa triga au kitufe ni pale ambapo nasimama tofauti na wengi. Watu hupenda triga nyepesi kama unyoya. Mimi huiweka nzito, kiasi cha kuweza kulaza kidole juu yake kwa uzito halisi bila kuogopa. Triga nyepesi inakufundisha kuogopa kuigusa, na anayeogopa kuigusa huishia kuichapa. Ninachokidai kwa ukali ni kwamba isitembee. Ukiisikia ikisogea, ikisogea, halafu ndipo iachie, akili inaanza kuhesabu hatua na hofu inarudi. Iwe kimya, kisha iachie kwa ghafla. Vifyatuzi vizuri vina skrubu mbili, moja ya uzito na nyingine ya mwendo. Kisichokuwa nazo sikiangalii mara ya pili.

Jambo la kelele linastahili neno. Mshale wa mawindo huruka kama mita 85 kwa sekunde, sauti husafiri kama mita 340. Kwa mnyama aliye mita 30, mlio wa upinde humfikia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mshale unafika baada ya zaidi ya theluthi ya sekunde. Muda ulio katikati unamtosha mnyama mwenye wasiwasi kujikunja chini ili aruke, na mshale ukapita juu ya pale ulipolenga. Mlio wa upinde huwezi kuuondoa wote. Lakini kugonganisha chuma cha kifyatuzi na upinde, au kubonyeza kitufe cha kufunga taya kwa mlio mkali wakati mnyama amesimama ameinua masikio, ni kumwandaa mapema kwa kujikunja huko. Jaribu kifyatuzi chako chumbani, kimya, ukisikiliza. Funga taya, fungua taya. Kama wewe mwenyewe unakisikia kwa uwazi ukiwa na mkono mbele yako, yeye atakisikia pia.

Usalama hauna mjadala. Wakati wa kuvuta, kidole cha shahada hukaa nyuma ya triga, si juu yake. Kidole gumba hushika mpini au kigingi chake, si kitufe. Kinaingia mahali pake baada ya mkono kutua shavuni na pini kufika kwa mnyama. Na usivute upinde wa kapi bila mshale ili tu ujaribu kifyatuzi kipya. Kikiachia, nguvu yote iliyokuwa iende kwenye mshale hurudi kwenye upinde wenyewe na kapi zake, na upinde unaweza kupasuka mkononi mwako.

Wengi pia hushangaa kwamba kubadilisha aina ya kifyatuzi hubadilisha karibu kila kitu kingine. Ukitoka kwenye mkanda kwenda kwenye mpini wa mkononi, mkono unatua mahali pengine usoni, tundu la kulengea lililo kwenye upote halikai tena mbele ya jicho, urefu wa mvuto unaokufaa unaweza kubadilika, na mishale inatua mahali pengine. Usikimbilie kusogeza pini siku ya kwanza. Piga karibu, ukiutafuta mtuo mpya wa mkono hadi uwe uleule kila mara, kisha urekebishe urefu wa mvuto, kisha tundu, na pini mwisho kabisa. Ukianza na pini, utakuwa unairekebisha kila wiki.

Matunzo ni machache. Vumbi na mbegu za majani huingia kwenye maungio, kwa hiyo kipulize, kisafishe, kitie kilainishi kikavu kidogo. Mafuta mazito hukusanya uchafu, na kwenye baridi kali huganda na kuichelewesha triga. Nunua viwili vya aina moja kama unaweza, uvipange sawasawa, upige na cha akiba mara kwa mara hadi mkono usitambue tofauti, kisha kikae kwenye mfuko wa begi unaofikika bila kuinuka.

Na kama msimu umeshakaribia na umevutiwa na kifyatuzi kipya, kinunue ukipenda, ila winda na kile ulichokizoea. Kipya kianze kazi msimu ukishafungwa, karibu na boksi, macho yamefumbwa.